Kuchagua Bunduki na Risasi za Kulinda Nyumba: Mwongozo kwa Mkazi wa Mwanza

Nyumba nyingi za Mwanza zimepanda milima. Kuanzia Igogo na Mabatini hadi Bugando, ukuta wa mmoja umeegemea jiwe ambalo juu yake amejenga mwingine, na kibaraza cha huyu kinatazama mabati ya yule. Hata Nyegezi na Buhongwa, ambako ardhi ni tambarare zaidi, nafasi kati ya dirisha la chumba cha kulala na dirisha la jirani mara nyingi haizidi hatua chache. Kwa sababu hiyo, mtu anayefikiria kumiliki silaha ya moto ili kulinda nyumba yake katika mji huu anapaswa kuanza na swali ambalo muuza silaha huenda asimuulize: risasi itakayomkosa mhalifu, au itakayompitia, itasimama wapi? Aina ya silaha, aina ya risasi, mahali pa kuihifadhi na hata mahali pa kusimama usiku wa tukio hutegemea jibu la swali hilo, na hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kulifuata.

Mwongozo huu unamhusu raia anayetaka kumiliki silaha kwa leseni. Silaha iliyopatikana kwa mlango wa nyuma, liwe gobore la kienyeji au bastola iliyoletwa kwa siri, haimo katika mazungumzo haya, kwa kuwa aliye nayo hawezi kuitumia kujilinda bila kujitia hatiani yeye mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Ipime nyumba kabla ya kuifikiria silaha

Chora ramani ya nyumba yako kwenye karatasi, chumba kwa chumba, kisha tia alama mahali ambapo wewe na familia mngejikusanya endapo mlango ungevunjwa usiku. Kwa familia nyingi mahali hapo ni chumba cha wazazi au chumba kilicho mwisho wa korido. Simama hapo, tazama upande ambao mhalifu angetokea, na uandike kila kitu kilicho nyuma yake: mlango, ukuta, chumba cha watoto, ua, choo cha nje, nyumba ya mpangaji, njia ya wapita kwa miguu, paa la jirani aliye chini ya mteremko.

Baada ya hapo andika vitu hivyo vimetengenezwa kwa nini. Bati la geji 30 lina unene wa karibu milimita 0.3, na hakuna risasi yoyote ya kujilindia itakayozuiwa nalo. Dari ya jipsamu, mlango wa plaiwudi, kioo, kabati la nguo na godoro navyo havizuii kitu. Tofali la saruji la inchi sita lililojaa, yaani lisilo na matundu, lina uwezo mkubwa wa kuikamata risasi ya bastola au marisau, yaani vipira vidogo vya risasi vinavyotoka vingi kwa pamoja, lakini nani asiyejua kwamba tofali nyingi za mtaani zimefyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji ya kuonjesha? Ukuta ambao unaweza kuukwangua kwa msumari ukaacha vumbi usiuhesabu kuwa kinga. Tofali za kuchoma hutofautiana kwa kadiri zilivyoiva, na zilizojengewa kwa udongo zina mianya.

Wapo wanaodhani kwamba mawe yetu yamewapa kinga ya bure. Jiwe la Mwanza ni la matale, ni gumu, na kweli risasi haipenyi; hata hivyo risasi inayogonga jiwe gumu kwa pembe huchepuka na kwenda upande usioutarajia, na vipande vyake huruka. Ukingo wa udongo, au ukuta mzito uliolalia udongo kwa nyuma, ni bora kuliko jiwe tupu. Tafuta upande mmoja wa nyumba wenye hali hiyo, na kama upo, basi sehemu yako ya kusimama ipangwe ili upande huo ndio uwe mbele yako. Kama haupo, andika hivyo kwa uaminifu, kwa sababu jambo hilo peke yake linaweza kukuonyesha kwamba nyumba yako haifai kulindwa kwa bunduki.

Katika kupima utagundua pia udhaifu ambao hauhitaji leseni kuurekebisha. Mlango wa nyuma unaofungwa kwa komeo moja, dirisha lisilo na nondo, kona ya ua isiyo na taa, mti unaomfikisha mtu juu ya paa: mambo hayo yatengenezwe kwanza. Mhalifu anayecheleweshwa mlangoni kwa dakika chache huku mbwa akibweka na taa zikiwaka yuko katika hali tofauti kabisa na yule anayeingia kimya hadi kitandani, na dakika hizo hizo ndizo zitakazokupa wewe nafasi ya kufungua kasha la silaha kama utakuwa nayo.

Hatua ya pili: Ijue sheria na uanze maombi mtaani kwako

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Chini yake, silaha haimilikiwi bila leseni, na mwombaji anatakiwa kuwa na cheti kinachoonyesha kwamba anajua kuitumia na kuitunza. Maombi huanzia pale unapofahamika, kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, yakapita kwenye kata na kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na vyombo vya ulinzi na usalama huyachunguza kabla msajili wa silaha hajaamua. Nenda kituo cha polisi cha wilaya yako, iwe Nyamagana, Ilemela, Magu au Sengerema, uulize utaratibu na ada za wakati huo kabla ya kumlipa muuzaji hata shilingi moja. Leseni hutaja silaha fulani, yenye namba fulani na ukubwa fulani wa risasi, na hununui risasi isiyolingana nayo. Kwa hiyo uamuzi wa hatua ya tatu na ya nne ufanywe mapema, wala usisubiri siku ya kufika dukani.

Upande wa pili wa sheria ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo katika kifungu cha 18 na vinavyofuatana nacho inatambua haki ya mtu kujilinda yeye, mwenzake na mali yake, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Uzito uko kwenye maneno hayo ya mwisho. Mtu aliyeingia chumbani na panga usiku wa manane ni hatari. Mtu anayekimbia kuelekea barabarani na televisheni yako begani amekwisha kuacha kuwa hatari kwa uhai wako, na risasi itakayokutwa imeingilia mgongoni itakupa kazi kubwa ya kujieleza mahakamani. Kila risasi itokayo kwenye silaha yako ni yako, pamoja na ile iliyompata mtoto wa jirani.

Hatua ya tatu: Chagua aina ya silaha

Kwa raia anayelinda nyumba, uchaguzi halisi uko kati ya bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani, na bastola. Bunduki ya kivita haimo. Raifo ya kuwindia nayo iondolewe mapema: risasi ya .30-06, yenye uzito wa gramu 9.7 hivi, hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 880 kwa sekunde, hutoboa ukuta wa kawaida, na inaweza kuua umbali wa kilomita kadhaa. Silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya pofu na nyumbu haina kazi kwenye korido ya nyumba ya vyumba vitatu. (Mkulima anayesumbuliwa na viboko kando ya ziwa naye asinunue raifo kwa kisingizio cha kulinda nyumba, hilo ni jambo la kuwaita maafisa wanyamapori.)

Bunduki ya marisau hutajwa kwa geji. Geji 12 ina tundu la milimita 18.5, na geji 20 ina tundu la milimita 15.6. Namba kubwa ina maana ya tundu dogo, kwa sababu hesabu yake ya zamani ilikuwa ni kutafuta risasi ngapi za mviringo za madini ya risasi, zenye upana sawa na tundu la mtutu, zingetimiza uzito wa ratili moja, yaani gramu 454. Geji 12 ndiyo rahisi zaidi kupata risasi zake, lakini teke lake begani ni zito. Ikiwa silaha itatumiwa pia na mke au mzazi mwenye mwili mdogo, na leseni ikamruhusu, basi geji 20 ni chaguo la busara ambalo watu hulidharau bila sababu. Mtu anayeogopa teke la bunduki hufumba macho kabla ya kufyatua, na anayefumba macho hajui risasi imekwenda wapi.

Kuna dhana iliyoenea kwamba bunduki ya marisau haihitaji kulenga kwa kuwa marisau hutawanyika na kufagia chumba kizima. Si kweli. Katika mtutu usiobanwa mdomoni, marisau hutawanyika kwa takribani sentimita mbili hadi tatu kwa kila mita moja ya safari, kiasi kwamba katika korido ya mita tano kundi lote linaweza kutoshea kwenye sahani ya chai. Usipolenga, unakosa kwa marisau yote kwa pamoja, na yote yanaelekea ulikokuandika kwenye ramani ya hatua ya kwanza. Dhana nyingine, kwamba mlio wa kukoki bunduki peke yake humkimbiza jambazi, huenda ikatokea kuwa kweli siku moja na siku nyingine ikampa jambazi habari ya mahali ulipo. Isihesabiwe katika mpango.

Kati ya bunduki za marisau, maoni yangu yanaegemea ile ya kuvunja, yaani inayokunjwa katikati ili kupakiwa, yenye mitutu miwili. Ukiivunja unaona kwa macho kama ina risasi au haina, na hata mtu asiye na mazoezi mengi anaweza kuthibitisha kwamba ni tupu; katika nyumba yenye watu wengi hilo ni jambo kubwa kuliko idadi ya risasi. Bunduki ya kusukuma kwa mkono hubeba risasi zaidi, lakini mtu mwenye hofu huisukuma nusu, isipakie, na hilo huhitaji mazoezi kuliondoa. Kasoro ya zote mbili ni urefu, kwa kuwa mtutu wa sentimita 70 ni mrefu kwenye mlango mwembamba na mtu aliyejificha kando anaweza kuushika. Dawa yake ni kubaki chumbani ukielekeza mlangoni, na kamwe si kuukata mtutu, jambo ambalo ni kosa la jinai na huharibu silaha.

Bastola ni fupi, huweza kushikwa kwa mkono mmoja wakati mwingine una simu au mtoto, na huingia kwenye kasha dogo. Lakini ndiyo silaha ngumu kuliko zote kulenga, hasa gizani na kwa mkono unaotetemeka, ndiyo inayoibwa kwa urahisi, na ndiyo inayotosha kwenye kiganja cha mtoto. Risasi yake moja ya milimita 9 ikienda hewani huweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu. Kutoka mlimani Bugando huo ni umbali wa kuvuka paa nyingi sana. Kwa kulinganisha, marisau makubwa huishiwa nguvu kwenye mita mia tano au sita, na yale madogo ya ndege kwenye mita mia mbili hivi. Anayechagua bastola, basi, achague akiwa na nia ya kufanya mazoezi ya kudumu.

Bastola zenyewe ni za aina mbili. Rivolva, ambayo risasi zake hukaa kwenye gurudumu, ni rahisi kuifungua na kuiona, na risasi moja ikigoma unavuta traiga tena gurudumu likaleta nyingine. Bastola ya magazini, yaani kikasha cha risasi kinachoingizwa kwenye mpini, hubeba risasi zaidi, lakini ina mtego ambao umeua watu wengi: ukitoa magazini, risasi iliyokwisha kuingia chemba, sehemu ya mtutu inamofyatuliwa, hubaki humo, na silaha inayoonekana tupu bado inafyatuka. Mtu asiyeweza kueleza jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe hajawa tayari kumiliki bastola ya magazini.

Hatua ya nne: Chagua risasi

Hapa ndipo wanunuzi wengi huharakisha, wakachukua boksi lolote lililopo rafuni, ingawa risasi ndiyo inayoamua kitakachopenya na kitakachosimama kuliko bunduki yenyewe.

Risasi ya shotigani ni ganda la plastiki lenye kitako cha shaba, fataki chini yake inayogongwa ili kuwasha baruti, baruti yenyewe, kizibo, na marisau. Ukubwa wa marisau huandikwa kwa namba au herufi, na majina ya Kiingereza hayalingani na ya Kimarekani, kwa hiyo soma milimita. Marisau ya 00 ya Kimarekani yana upana wa milimita 8.4, ganda la kawaida la geji 12 hubeba tisa, kila moja likiwa na gramu 3.5 hivi, na hutoka kwa mwendo wa karibu mita 400 kwa sekunde. SG ya Kiingereza ni karibu sawa na hayo. SSG ni milimita 6.8 hivi, AAA ni 5.2, BB ni 4.1, na namba 7 ya kuwindia kanga na kwale ni 2.4 tu.

Kwa nini tofauti hizo ni muhimu? Polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, baada ya mapigano ya risasi mjini Miami tarehe 11 Aprili 1986 ambamo walipoteza maafisa wawili, waliweka kipimo kwamba risasi ya kujilinda inapaswa kupenya kati ya sentimita 30 na 45 katika jeli inayofanana na mwili. Ikipungua, haifiki kwenye viungo vinavyomsimamisha mtu. Ikizidi, inamtoka na kwenda kwa mwingine. Marisau ya ndege, yale ya namba 7, hukatwa nguvu mapema na ukuta wa jipsamu, na kwa hiyo hupendwa na wanaowahofia majirani, lakini hupungukiwa sana na kipimo hicho, hasa mhalifu akiwa amevaa koti zito. Marisau ya 00 na SG hutimiza kipimo na kuzidi, na likikosa moja hupenya mlango na dari kadhaa. Kwa mtaa uliobanana ningechukua SSG, ambayo ipo katikati, na kwa nyumba iliyo kwenye kiwanja kipana chenye ukingo wa udongo nyuma, kama zilivyo baadhi za Usagara na Kisesa, SG au 00 hazina ubaya. Ganda lenye risasi moja nzito, linalotumika kuwindia wanyama wakubwa, lisiingie ndani ya nyumba kabisa.

Kabla ya kununua, soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Bunduki yenye chemba ya milimita 70 isipewe ganda la milimita 76, hata kama linaingia. Linaingia kwa sababu mdomo wa ganda bado umekunjwa, na likifyatuliwa mdomo huo hukosa nafasi ya kufunguka na msukumo wa gesi hupanda kupita kiasi. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kuchanganya geji 20 na geji 12. Ganda la 20 likitumbukizwa kwenye bunduki ya 12 huteleza likakwama mbele ya chemba, mwenye bunduki akadhani hajapakia, akaweka la 12 nyuma yake, na mtutu ukapasuka mikononi mwake. Ndiyo maana watengenezaji hulitia ganda la 20 rangi ya njano. Nyumba yenye bunduki ya geji 12 isiwe na risasi ya njano hata moja.

Kwa bastola, jambo la kwanza ni jina kamili la risasi. Risasi ya 9 mm iliyobuniwa na Georg Luger mwaka 1902 ina ganda la milimita 19. Ipo nyingine ya 9 mm yenye ganda la milimita 18, iliyoundwa kwa ajili ya bastola ya Makarov, na nyingine fupi ya milimita 17. Zinafanana machoni kama dagaa wa beseni moja, na hazibadilishani. Jina huchongwa kwenye kitako cha ganda na kwenye silaha. Yakilingana nunua, yasipolingana acha. Rivolva nyingi hutumia .38 Special, risasi ya mwaka 1898, nzito ya gramu 10 hivi na ya mwendo wa chini ikilinganishwa na ile ya Luger, ambayo ni gramu 8 kwa mita 350 hivi kwa sekunde.

Jambo la pili ni umbo la ncha. Risasi iliyovikwa shaba mwili mzima hubaki na umbo lake na kwa kawaida hupita mwilini ikaendelea na safari. Yenye tundu kwenye ncha hutanuka inapoingia, ikatumia nguvu zake mwilini na kusimama mapema. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi za kutanuka vitani, lakini polisi wa miji mingi duniani huzitumia, na sababu yao ni hii hii inayotuhusu, ya watu walio nyuma ya mlengwa. Muulize msajili leseni yako inaruhusu zipi. Ikiwa zinazopatikana ni zile zilizovikwa shaba tu, basi rudi kwenye ramani yako, na usifyatue isipokuwa upande ulio na kitu cha kuikamata risasi.

Hatua ya tano: Jaribu silaha yako mahali panaporuhusiwa

Waulize polisi au mkufunzi mwenye kibali mahali pa kufanyia mazoezi. Kufyatua shambani au ziwani ili kujaribu ni kosa, na risasi inayogonga maji kwa pembe ndogo huruka juu ya uso wake na kuendelea mbele, kuelekea mitumbwi ya dagaa. Weka katoni kubwa kwenye umbali wa mita tano, saba na kumi, yaani umbali halisi wa nyumba yako, ufyatue risasi zile zile utakazoziweka nyumbani, na upime marisau yametawanyika kiasi gani. Bunduki mbili za aina moja hutawanya tofauti. Vaa kinga ya masikio na macho, kwa sababu mlio wa silaha hizi huzidi desibeli 140 na huharibu kusikia mara moja. Osha mikono baadaye kwa ajili ya vumbi la madini ya risasi.

Kanuni za mkono hazina msamaha. Chukulia kila silaha kuwa imepakiwa hadi uione chemba. Usielekeze mdomo wake kwa kitu usichokusudia kukiharibu. Kidole kikae nje ya traiga hadi macho yawe yamekamilisha kulenga. Na jua kilicho nyuma ya unachokilenga. Fataki ikigongwa bila risasi kulipuka, endelea kuelekeza mtutu mahali salama kwa dakika moja kabla ya kufungua, kwani baadhi huchelewa. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha kabisa, fungua na uchungulie mtutu, maana huenda risasi imekwama humo na ya pili itaupasua.

Hatua ya sita: Ihifadhi

Kasha la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, ndani ya chumba unacholala, ndilo linalofaa. Kabati la nguo, juu ya dari na chini ya godoro ni mahali ambapo mwizi huanza kutafuta, na mtoto humaliza kutafuta kabla ya mwizi. Silaha ikae tupu na risasi zikae kwenye kisanduku chao chenye kufuli, na wewe ufanye mazoezi ya kufungua na kupakia gizani hadi mikono ikumbuke. Utapoteza sekunde kadhaa, lakini mlango uliouimarisha katika hatua ya kwanza utakurudishia. Funguo zikae kwako, si kwenye msumari ukutani. Dada wa kazi, mpangaji na mgeni wasijue hata kuwepo kwa kasha. Siku uliyokunywa pombe kasha halifunguliwi.

Unyevu wa ziwa hula chuma upesi, hasa kwa walio karibu na maji kama Kirumba na Capri Point, na zaidi katika miezi ya masika. Ifute silaha kwa kitambaa chenye mafuta yake kidogo, weka vifuko vya kukausha hewa ndani ya kasha, na usiiache ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza maji. Risasi zisipakwe mafuta, kwani yakipenya kwenye fataki huigomesha. Ganda lililoota ukijani, lililovimba au lenye mpasuko lipelekwe polisi likateketezwe, lisitupwe jalalani wala ziwani.

Hatua ya saba: Panga usiku wenyewe

Familia ijue chumba cha kukimbilia na neno la kutambulishana. Mmoja apige 112 na simu ya kituo cha karibu na ya mwenyekiti wa mtaa, namba zikiwa zimeandikwa mapema. Mwingine apige yowe. Usukumani yowe hilo, mwano, lina historia ndefu, na ndilo lililoita jeshi la Sungusungu lililozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hadi leo, mwano ukipigwa, wanaume hutoka na mapanga na rungu, wakaja gizani kutoka pande zote. Hapo ndipo mwenye bunduki anapoweza kufanya kosa kubwa kuliko lolote: akitoka uani akiwa ameishika, ama atamfyatulia jirani aliyekuja kumwokoa, ama jirani huyo atamdhania yeye ndiye jambazi. Baki chumbani, mlango ukiwa umefungwa, silaha ikielekea mlangoni, na useme kwa sauti kwamba una silaha na polisi wameitwa. Washa tochi umwone mtu kabla ya kuamua lolote; kijana wako aliyechelewa kurudi naye hutembea kimya kwenye korido.

Ikiwa umelazimika kufyatua, hatari ikiisha weka silaha chini, mbali na mikono ya watu, msaidie majeruhi kwa kuzuia damu hata akiwa ndiye aliyekuvamia, na usiokote maganda wala kusafisha sakafu kabla polisi hawajafika. Toa namba ya leseni, eleza kilichotokea kwa ufupi, na omba wakili kabla ya kuandika maelezo marefu. Silaha ikiibwa au kupotea, toa taarifa kituoni mara tu unapogundua, iwe usiku au mchana.

Mwisho, andika kwenye karatasi utakayoiacha kwa mtu unayemwamini mahali lilipo kasha na namba ya silaha. Leseni ni ya mwenye nayo peke yake, wala watoto hawairithi pamoja na nyumba; siku mwenyewe akifariki, ndugu wanapaswa kuipeleka silaha pamoja na risasi zake kituo cha polisi, na anayetaka kuendelea kuimiliki aanze maombi yake upya.